Jani Mkononi, Chuma Kiunoni

Mama uliye karibu na mlango, usukume kidogo ufunge. Haya. Wote mkono wa kulia kifuani, mseme nami: Nitakalolisikia hapa litaishia hapa. Vizuri. Na atakayelitoa nje? Ulimi wake uote upele siku ya harusi ya mwanawe, asiweze hata kuonja pilau. Semeni amina.

Mmeapa. Sasa niwaambie: kiapo hiki hiki, na upele wake, niliapishwa mimi na mwanamke aliyenisimulia jambo hili, mikono yetu imo ndani ya beseni moja tukimenya ndizi. Nikaapa. Leo ninalitoa. Upele ukija mtauona. Lakini Jumapili tunaikaribia meza ya Bwana, na mimi sitaki kwenda pale nimebeba mzigo huu peke yangu.

Majina nimeyameza. Lichukueni kama mfano tu. Ukijiona ndani yake, mimi sikukuingiza. Umeingia kwa miguu yako.

Kulikuwa na mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga. Mtu wa heshima, mzee wa kanisa, kapu la sadaka likipita ni yeye aliyelishika. Alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, na kihamba cha baba yao, shamba la migomba la urithi, kiligawanywa katikati kwa mstari wa masale. Wenyeji mnajua, lakini humu wamo walioolewa kutoka mbali, niwaeleze. Sisi wa mlimani tunapanda isale mpakani, kila mtu ajue pa kuishia. Na jani la mmea huo huo, ukimkosea mtu, unalifunga fundo unampelekea. Aliyeletewa isale hakatai. Kulikataa ni kuita laana kwa jina lake.

Basi mstari ule ukasogea. Nani aliusogeza? Masale hayana miguu. Mkubwa alisema ni mdogo, mdogo alisema ni mkubwa. Ikafika sherehe moja ya kipaimara, pombe ya mbege imeshazunguka, mdogo mtu akasimama mbele ya watu akamnyooshea kaka yake kidole: “Mkungu ule wa mpakani hutaula wewe. Tutaupikia matanga yako.”

Watu wakacheka, wakasema ni mbege inayoongea. Kaka mtu hakucheka.

Akaenda nyumbani akafungua kabati. Alikuwa na bunduki aliyoirithi kwa baba yake, ina kibali, ndefu kama mchi. Akaitazama. Bunduki kama ile huendi nayo mashineni. Huendi nayo msibani. Ndipo akaanza kuwaza ya pili: ndogo, ya bei nafuu, ya akiba.

Sokoni kulikuwa na muuza vyuma chakavu. Chini ya mabati na gia za baiskeli alificha kitambaa, na ndani ya kitambaa bastola isiyo na kibali wala asili. Mwenye mashine aliiendea siku tatu mfululizo, anaishika, anairudisha, kama mama anayechagua nyanya. Maneno waliyosemezana nimeyapata kwa muuza mitumba wa kibanda cha pili, naye ana masikio kama yangu.

“Mbona nyepesi hivi?”

“Ya akiba hiyo, mzee. Unataka utembee na tofali?”

“Na hiki kidude cha kuizuia isijifyatue, mbona kinacheza?”

“Hata meno yangu yanacheza na ninatafuna nyama. Mzee wangu, iliyo nzuri si unayo nyumbani? Hii utaihitaji mara moja tu maishani.”

“Na mara hiyo moja ikigoma?”

“Basi hutarudi kunilalamikia.”

Mnacheka. Hata yeye alicheka. Wakashuka nayo bondeni kuijaribu kwenye mgomba uliokauka. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama. Ya tatu ikatoka kabla hajaiamuru. Wewe na akili zako ungefanyaje? Yeye alijiambia: mbili kwa tatu si haba, kwa kitu cha akiba.

Hakuichukua siku ile. Alitaka mtu wa kumwambia ndiyo. Akamkuta mkewe anapepeta maharage.

“Nikuulize. Mtu akiwa na kitu kizuri kimoja, akaongeza kibovu kimoja cha akiba, si ni heri kuliko kukosa?”

“Kibovu cha namna gani?”

Akamwonyesha kwa vidole viwili, mfano wa bastola. Mke akauweka ungo chini.

“Baba Nanii,” akasema, na jina la mtoto wao nalo nimelimeza, “mimi nikiweka unga wa akiba ni kwa sababu najua siku ya kuula inakuja. Naitazamia. Wewe unaitazamia siku gani? Ya kumfanya nini nani?”

“Ni tahadhari tu, mke wangu.”

“Tahadhari ni kuyarudisha masale yalipokuwa.”

Mume akachukua kofia yake akatoka. Na mimi, niliposimuliwa hayo pale kwenye beseni la ndizi, nikajua aliyeyasogeza.

Kesho yake mjomba wao akaja na habari. Mdogo mtu amejuta. Hajagusa mbege wiki tatu. Jumapili, mbele ya usharika wote, analeta isale. Mwenye mashine akasema, “Aje. Mwambieni nimeshamsamehe.” Mjomba akalia kwa furaha, akanywa chai akaaga. Kabla vikombe havijaoshwa, aliyesamehe alikuwa sokoni kwa muuza vyuma chakavu, na safari hii hakuirudisha.

Ya nini? Mtu anakuletea amani, wewe unakwenda kununua chuma? Nitawaambia alivyojisemea, kwa sababu hata mimi ningejisemea vivyo hivyo: akija kwa wema, nina moyo, akija kwa ubaya, nina akiba. Ndugu zangu, nani humu hajawahi kusimama hapo?

Ikaja Jumapili. Kanisa limejaa hadi madirishani. Mdogo mtu akatembea kutoka mlangoni mpaka mbele, amelishika jani kwa mikono miwili, kila mtu anaiona mikono yake. Akapiga magoti kwenye saruji.

“Kaka, ulimi wangu ulinitangulia. Nimekuletea isale.”

Kaka akalipokea. Vigelegele! Wengine walikuwa wanalia. Mchungaji akasema, “Sasa kumbatianeni.” Mwenye mashine akanyoosha mkono.

“Mkono ni wa wageni!” mdogo mtu akasema, anacheka na machozi yanamtoka, akamrukia mzimamzima, akambana kiunoni kama walivyobanana walipokuwa wanacheza mieleka utotoni.

Akakigusa.

Mke alikuwa benchi la pili. Aliuona uso wa shemeji yake ukibadilika juu ya bega la mumewe. Hakupiga kelele yule kijana. Aliuliza taratibu tu, “Kaka, hiki ni nini?”

Kaka akaruka nyuma. Koti likafunguka, chuma cha bei nafuu kikateleza, kikapiga sakafu. Na kile kidude kilichokuwa kinacheza hakikuzuia kitu.

Mlio wa risasi ndani ya kanisa la mabati, Mungu awaepushe nao. Mdogo mtu alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka njiani, ameshika juu ya paja, na damu ikatoka kama mfereji wa shamba uliofunguliwa kwa zamu yake. Alikata roho kabla gari halijafika lami.

Mtasema ni ajali. Sawa. Lakini sikieni lililofuata, mlio ukiwa bado masikioni. Mchungaji alimkimbilia aliyeanguka. Mke alimkimbilia. Kaka mtu akainama. Watu wakadhani anamwinamia mdogo wake. Aliinamia bastola! Akaiokota, akaanza kuirudisha chini ya koti, haraka haraka, kama mtu aliyeangusha leso. Kisha akainua macho. Kanisa zima linamtazama. Jani mkono wa kushoto, chuma mkono wa kulia.

“Sikukusudia,” akasema.

Nani angemwamini? Watu wametoka kukiona anachokithamini.

Na yule mwanamke wa beseni la ndizi, mke mwenyewe, kwa nini aliniapisha, wakati mambo yalitokea mbele ya watu wote? Kwa sababu lake hawakuliona. Koti lile alilipiga pasi yeye, Jumamosi. Akakuta ndani limeshonwa mfuko mpya, mzito, wa kitambaa cha turubai. Akauelewa. Akalitundika koti mlangoni, akanyamaza, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya furaha na hakutaka kuiharibu.

Ndiyo hilo. Nimelitoa.

Sasa sisi. Msije mkatoka hapa mnasema bibi amehubiri habari za bastola. Nani humu ana bastola? Yule bwana alijiuliza kama kitu cha bei nafuu kinafaa kuwa cha akiba. Hakikuwa cha bei nafuu. Kilimgharimu ndugu. Na ile siku moja ya kukihitaji, aliyoambiwa sokoni, haikuja kamwe. Iliyokuja ni siku ambayo isingekuwepo kama kisingekuwepo kiunoni.

Tunasamehe, ndiyo. Tunapokea isale na kupiga vigelegele. Lakini wewe umepatana na wifi yako, na ile siri yake ya ujanani umeiweka wapi? Ya akiba. Umepatana na mumeo, na lile neno moja linaloweza kumuua umelifunga kwenye kitambaa, kila mara unalishika, unalirudisha. La akiba. Na mimi msinitazame hivyo, mimi ulimi wangu ni ghala. Mnadhani kwa nini nimekonda? Nalala nikizilinda akiba zangu. Na wengine wetu hatuna hata neno la akiba. Sisi tumepiga pasi tu. Tumeuona mfuko, tukatundika koti.

Jumapili tunakwenda mezani. Huwezi kuinyoosha mikono miwili kwa Bwana na mmoja umeshikilia koti.

Kwa hiyo sitaki amina yenu leo. Amina ni rahisi. Simameni. Kila mtu ageukie yule aliyemkalia mbali makusudi. Mnajuana, na mimi nawajua. Mkono hapana, mkono ni wa wageni. Mkumbatieni, mbaneni kiunoni kwa nguvu, na mimi nimesimama hapa mbele, macho yangu hayajazeeka.

Haya, tuanze. Wewe wa kilemba cha kijani, hata hujaguswa. Mbona unarudi nyuma?