Mkato wa Chini ya Mzinga

Mrina asali mmoja, Mihayo, alikuwa na mizinga arobaini msituni, urithi wa baba yake. Pasipo mizinga ile hakuwa na chakula wala jina mbele za watu. Katika msitu huo watu hawakujuana kwa sura, maana wakati wa kurina kila mmoja hujifunika shuka usoni kwa kuogopa nyuki, na moshi huwafanya wote wafanane. Walijuana kwa alama. Kila mzinga ulikuwa na mikato mitatu ubavuni, ya kuonwa na yeyote, na mmoja chini, ambao mwenyewe aliuficha hata kwa mkewe. Mlinzi wa lango la msitu, ambaye peke yake aliijua mikato hiyo ya chini, alimtaka kila aingiaye auchore mkato huo mchangani kisha aufute. Aliyechora sawasawa alipita.

Asubuhi moja mgeni alifika nyumbani kwa Mihayo, shuka usoni, ingawa pale hapakuwa na nyuki. Alimwita kwa jina, akamtaja na baba yake, akauliza hali ya Kalunde, mke wa Mihayo, aliyekuwa ameteguka mguu juzi. Akasema ametumwa na mlinzi. Wezi wameingia msituni, alama zote zinahakikiwa, na atakayechelewa hadi adhuhuri mizinga yake itahesabiwa haina mwenyewe.

Kalunde alimsihi mumewe aende langoni akaulize kwanza, ni mwendo mfupi tu. Lakini mtu akishatiwa haraka hasikii la mtu, na msimcheke, kwani hata sisi hofu hutufunga masikio. Mihayo aliinama akachora. Mgeni aliutazama ule mkato kwa muda mrefu, akashukuru, kisha akaufuta kwa mguu wake mwenyewe, taratibu, kwa adabu kubwa.

Siku ya tatu Mihayo alikwenda kurina. Njiani, alipojitaja jina, mtu mmoja alimshukuru kwa asali aliyomgawia jana. Mwingine alishangaa kumwona tena, maana walikuwa wameagana msituni muda mfupi uliopita. Mihayo alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akafika langoni akichapua miguu, akachora mkato wake.

Mlinzi aliutazama, kisha akatazama msituni, pale moshi ulipokuwa ukipanda kutoka kwenye miti ya mizinga ya baba yake Mihayo.

"Mihayo ameshaingia, ndugu yangu," alisema. "Wewe ni nani?"

Mihayo alieleza, akaapa, akavua shuka. Haikumfaa kitu, kwa kuwa mlinzi hakuwahi kuuona uso wake. Aliposikia habari za mgeni, mlinzi alihuzunika kweli, akamuuliza ni lini amewahi kumtuma mtu nyumbani kwa mtu kuulizia mkato. Mihayo alishika nguzo za lango, akaliita jina lake mwenyewe kwa nguvu zake zote.

Kutoka ndani ya moshi, mtu aliitika.

Ninyi mnaonisikiliza, mlinzi wa kweli huiuliza siri yako pale unapomwendea wewe. Basi huyu anayekufuata hadi kwako, anayekujua kwa jina na kukuharakisha uitoe, ametumwa na nani?