Chumvi ya Mihambo

"Usipoupima mzigo, njia itakupimia."

Bibi Kalunde aliwaambia hivyo wajukuu waliokuwa mezani na dadu zao, wakicheza safari ya mashujaa wa kubuni. Shujaa wa mjukuu mmoja, Maganga, alikuwa amebeba panga tatu, ngazi na sanduku la dhahabu, na Maganga hakutaka uzito uhesabiwe. Wakamuuliza bibi neno lile limetoka wapi. Akalaza tasbihi mapajani. Chanzo chake, akasema, ni hiki.

Zamani za misafara ya miguu, wapagazi wa Unyamwezi walikuwa na desturi: kabla ya kuondoka, kila mtu hujitwika mzigo wake, akachuchumaa, akainuka bila kushika fimbo. Asiyeweza, hupunguza.

Walipokuwa wakitoka Uvinza, kwenye visima vya chumvi, kurudi kwao, mpagazi mmoja, Mihambo, alijitwika pembe ya ndovu ya msafara, akainuka vizuri. Baadaye mkewe, Nyanzala, akamwona akifungia juu ya pembe mfuko wa chumvi. "Hiki kidogo," akajisemea. Kisha jembe. "Hiki nacho kidogo." Kisha mfuko wa pili, na kibuyu chake cha maji akakiacha.

"Chuchumaa tena, baba Shija."

"Nipimwe mara ngapi? Mimi mbuzi wa mnadani?"

Wenzake wakacheka. Nyanzala akajifunga kibuyu chake, akashika njia. Miguu yake ilikuwa imechoka, na ugomvi nao ni mzigo.

Jua la utosi likawakuta mbugani, pasipo maji. Mihambo akaanza kubaki nyuma, Nyanzala naye akapunguza mwendo. Msafara ukawa vumbi, kisha hata vumbi likatulia. Mihambo akapiga magoti, asiinuke.

Nyanzala akamnywesha maji yaliyosalia kibuyuni mwake, yote, akaanza kufungua kamba.

"Usiguse, mama Shija! Hiyo chumvi ni mahari ya mwanao."

"Mwanangu ataoa mwaka wowote. Baba mwingine nitamtoa wapi?"

Akaimwaga chumvi nyasini, akalitupa jembe. Pembe ya watu akajitwika mwenyewe. Mihambo akamfuata akiegemea fimbo, Mungu akawafikisha kambini jua likizama.

Mnyapara wa msafara akamtazama Mihambo. "Mbona mikono mitupu? Nani kakupunguzia?"

"Njia," akajibu Mihambo. "Nilikataa kupima, ikanipimia."

Pale mezani, Maganga akafuta ngazi kwenye karatasi yake.

"Na sanduku?" bibi akauliza.

"Ngoja kwanza, bibi."

"Haya, ngoja," akasema, akaichukua tena tasbihi. "Usipoupima mzigo, njia itakupimia."