Chungu Kisicho na Alama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Chungu kipo, maji yapo, mwenye kiu asogee. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, unaniletea baridi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na kusengenyana kama sisi, ukaja ukame. Mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja, na maji yake yalikuwa tope. Ukiyanywa, unaumwa tumbo. Usipoyanywa, unakufa. Basi wanyama wakayanywa.

Palikuwa na nungunungu mmoja mjane, jina lake Bi Nungu. Kazi yake ufinyanzi. Mtoto wake mdogo aliumwa tumbo mpaka akashindwa hata kulia. Bi Nungu akaingiwa na uchungu, akasema, "Mimi ni mfinyanzi. Sitakaa nimtazame tu."

Akafinyanga chungu, akakitoboa kitakoni. Akatia mawe madogo, akamwaga maji juu. Yakatoka tope. Akaongeza mchanga. Yakatoka tope. Akajaribu hiki akatupa, akajaribu kile akatupa, msimu mzima, mikono ikampasuka. Mwishowe akatwanga makaa ya mgunga, akayaweka katikati ya mchanga na mchanga. Maji yakatoka maangavu. Mtoto akanywa, akapona, akaanza utundu. Bi Nungu akajua kazi imefaulu.

Habari zikaenea. Wanyama wakaja na mihogo na viazi, wakarudi makwao na vyungu. Nyumba ya mjane ikawa na moshi asubuhi na jioni.

Jirani yake alikuwa Nyegere, mrina asali. Na katika nchi ile kulikuwa na desturi: kila mzinga ulichomwa alama ya mwenyewe kwa chuma cha moto, na alama hiyo ikaonyeshwa barazani, mbele ya wanyama wote. Ukikuta mzinga una alama ya mwenzio, huugusi, hata kama nyuki wenyewe wanakukaribisha.

Nyegere akamwambia, "Dada Nungu, tia alama vyungu vyako, uvipeleke barazani vijulikane."

Bi Nungu akajibu, "Alama ni ya mizinga, kaka. Chungu ni chungu. Nani asiyejua kuwa hivi ni vyangu?"

Nyegere akamwambia mara ya pili. Bi Nungu akajibu, "Nina kazi."

Nyegere akamwambia mara ya tatu. Bi Nungu akajibu, "Kesho."

Kesho, jamani. Ninyi nyote mnaijua hiyo kesho.

Sasa Fisi naye akasikia habari za chungu. Akaja kwa Bi Nungu. "Hodi!"

"Karibu."

"Dada, nifundishe chungu hicho."

"Vizuri. Njoo alfajiri tukachimbe udongo, utajifunza."

Fisi akauliza kama hakuna namna ya kujifunza mtu akiwa amekaa. Akaambiwa hakuna. Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Siku iliyofuata akajificha nyuma ya ua wa Bi Nungu ili achungulie. Akalala. Siku ya pili akajificha, akalala. Siku ya tatu akajificha, akataka kulala, lakini njaa ikamkatalia. Ndipo akaona.

Bi Nungu alikuwa amempa mgongo. Fisi akaona anatia mawe. Akaona anatia mchanga. Halafu akaona anainua mguu, miba yote inasimama, anajikuna mgongo: kwaru, kwaru, kwaru! Halafu anatia mchanga tena.

"Kumbe!" akasema Fisi. "Siri ndiyo hiyo."

Ninyi mnajua, Fisi hakujua: miba iliposimama ilimziba macho, na wakati ule ule mikono ya Bi Nungu ilikuwa inatia makaa.

Fisi akaenda kwake, akafanya kazi kwa bidii. Mawe. Mchanga. Kwaru, kwaru, kwaru! Mchanga. Kwa kila chungu alijikuna mara tatu, hakuruka hata kimoja. Akakaa njia ya kisimani, akanadi: "Vyungu! Vyungu vile vile! Huku nusu ya viazi! Chungu ni chungu!"

Nani anakataa nusu ya viazi? Wakanunua. Ukiviweka pamoja, cha Bi Nungu na cha Fisi, hata mfinyanzi mwenyewe angekuna kichwa.

Haukupita muda, matumbo yakaanza. Pundamilia akalala. Ngiri akalala. Mtoto wa Digidigi akazidiwa, mama yake akawa anamshika kifua usiku na mchana aone kama bado anapumua.

Wanyama wakakasirika. Wakaenda kwa Bi Nungu, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kwa vyungu hivyo, wakavunja vyungu vyake vyote uani. Hawakuuliza kipi kimetoka wapi. Wakamkokota mpaka barazani, mtoto wake anakimbia nyuma, analia.

Walipofika walimkuta Fisi ametangulia, amekaa mbele kabisa.

"Bwana Tembo," akasema Fisi, "chungu hiki nimekibuni mimi. Mjane huyu ameniiga, tena ameniiga vibaya, na sasa jina langu linachafuka." Akatoa na machozi.

Tembo ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza. Akamgeukia Bi Nungu. "Vyungu vyako vina alama gani?"

"Havina, Bwana."

"Ulivileta lini hapa tukavijua?"

"Nilisema kesho."

Na sheria ilikuwa moja: mwenye kuwanywesha wenzake sumu hakaribii kisima tena, yeye na watoto wake. Katika ukame ule, hiyo ilikuwa ni kaburi ila halijachimbwa. Bi Nungu akamtazama mwanawe, akalia kwa sauti. Alijua kosa si la Fisi peke yake.

Nyegere akasimama. "Bwana Tembo, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila mmoja afanye chungu hapa, tuone."

Fisi akakubali kwa moyo mkunjufu. Mbona anajua!

Akatia mawe. Akatia mchanga. Akainua mguu: kwaru, kwaru, kwaru! Akatia mchanga.

Tembo akauliza, "Hapo katikati umefanya nini?"

"Nimejikuna, Bwana Mkubwa."

"Umewashwa?"

"Hapana. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Usipojikuna maji hayakubali."

Wakamwaga maji ya kisima. Wakangoja. Yakatoka tope. Fisi akasema hakujikuna vya kutosha, akaomba arudie. Akarudia, akajikuna mpaka manyoya yakadondoka. Yakatoka tope.

Ikawa zamu ya Bi Nungu. Akaomba azungushiwe mkeka. Tembo peke yake ndiye aliyeona kwa juu, na Tembo hana tabia ya kutangaza. Wakamwaga maji. Wakangoja. Yakatoka maangavu. Mama Digidigi akaonja kwanza yeye, kisha akamnywesha mwanawe, na jioni mtoto akafumbua macho.

Tembo akasema, "Bi Nungu, sikukuona ukijikuna."

"Leo siwashwi, Bwana."

"Na siku aliyokuona Fisi?"

"Siku hiyo nilikuwa na kiroboto."

Tembo hakucheka. Aligeuka tu akatazama kisima kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Kisha akahukumu. Fisi amchimbie Bi Nungu udongo, alfajiri kwa alfajiri, na maji anywe kwenye vyungu vyake mwenyewe mpaka vyote viishe. Na tangu siku hiyo kazi ya akili ikahesabiwa kama mzinga: ina mwenyewe. Mwenye kubuni aionyeshe barazani, atie alama, na anayeitaka abishe hodi. Bi Nungu akavitia vyungu vyake alama ya vidoa vitatu ubavuni kwa mwiba wake. Nguchiro akabisha hodi, akaomba, akafundishwa mpaka makaa. Kila akiuza chungu humletea mwalimu wake fungu, na wote wawili wanakula.

Jioni ile ya hukumu Nyegere alimkuta Bi Nungu akizoa vigae uani.

"Kaka," akasema Bi Nungu, "kama siku ile nisingewashwa?"

"Miba isingesimama. Fisi angeyaona makaa."

"Na maji yake yangetoka maangavu kama yangu."

"Yangetoka. Viazi vyote vingekuwa vyake, na wewe na mtoto mngelala njaa."

Bi Nungu akakaa chini juu ya vigae. "Mara tatu uliniambia," akasema, "na aliyeniokoa ni kiroboto."

"Ndiyo. Na kiroboto huuma siku anayotaka yeye."

Ndiyo maana hata leo ukimwona fisi akiwa peke yake, anajikuna. Msidhani ana viroboto. Bado anajaribu.

Wanangu, funzo ni hili: ulichokibuni kwa jasho lako, kitie alama mapema na watu wakijue, kwa sababu mwizi wa kazi akikuiga vizuri anakula riziki yako, na akikuiga vibaya unatukanwa wewe. Usimngoje kiroboto.

Chungu kimejaa, nami nakifunika. Hadithi ikikupendeza ichukue, uende nayo kwenu, uwasimulie. Ila sema uliisikia kwangu.