Kalunguyeye Amshtaki Kiboko kwa Makelele ya Kunguru

Ngano ije?

— Ije tuionje!

Ije na nani?

— Na mjanja!

Imwache nani?

— Mlafi!

Haya, sogeeni karibu. Lakini kila mtu amtazame kwanza aliyekaa kando yake. Ngano hii haisimuliwi mbele ya mtu asiyejulikana.

Hapo kale alikuwapo Kalunguyeye, mama wa watoto wawili. Mwili wake mdogo, ukimkumbatia hajai mikononi. Lakini nani amkumbatie? Alikuwa na miiba tele mgongoni na shaka tele moyoni. Ukimpa maji, huyanusa. Ukimpa kiti, hukitikisa. Ukimwambia "Habari za asubuhi," hukutazama kwanza, ndipo akajibu, "Nzuri, kwani umesikia nini?" Majirani walimcheka, ila hakuna aliyewahi kumwibia.

Kazi yake ilikuwa kuuza kumbikumbi wa kukaanga. Kila siku ya soko alipakia kumbikumbi kwenye toroli, akalisukuma mpaka Soko la Kichangani. Kwi-kwi, kwi-kwi, gurudumu likilia njia nzima.

Siku moja soko lilifurika. Kalunguyeye akatafuta pa kuweka toroli, asipate. Pembeni akaona kiwanja kitupu. Hakuna uzio, hakuna mlinzi, ila Kiboko tu, amelala pale kama jabali. Kalunguyeye akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakuona kibao. Akaegesha toroli, akaingia sokoni kutafuta chumvi.

Aliporudi, gurudumu lilikuwa limefungwa mnyororo. Na kwenye mnyororo, kufuli kubwa kuliko kichwa chake.

"Nani amefunga toroli langu?"

"Mimi," akasema Kiboko. "Hapa ni Maegesho ya Kiboko na Wanawe. Umeegesha bila kulipia. Una faini."

"Mbona hakuna kibao?"

Kiboko akainuka polepole, mguu mmoja, mguu wa pili. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na kibao kizuri cha herufi nyekundu: KIWANJA CHA KIBOKO. ANAYEEGESHA ANALIPA.

"Kibao hicho hapo. Soma."

"Ulikuwa umekiziba kwa mwili wako!"

"Nalala nitakapo. Kiwanja changu, mwili wangu."

Kalunguyeye akatazama mchanga. Mbele ya kibao palikuwa na shimo, umbo la tumbo la Kiboko, limechimbika hasa. Mtu halali mahali siku moja akaacha shimo la namna ile. Akaelewa kwamba ule ni mtego, na wengi wamekwisha kunaswa.

"Silipi," akasema.

Kiboko akapiga mwayo, meno yote yakaonekana. "Hulipi? Basi nenda nyumbani, bibi. Utalipa."

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, kitu kikagonga mlango. Ko-ko-ko!

"Kraa! Kalunguyeye, lipa! Kraa! Mdaiwa, lipa!"

Walikuwa kunguru. Alfajiri wakaja. Mchana wakaja. Jioni wakaja. Waligonga mlango kwa midomo, ko-ko-ko! Walinyofoa makuti ya paa, chwaa! Kila walipokuja, faini ilikuwa imezaa faini nyingine. Na wakitoka kwake, walitua kwenye ua wa jirani, Bi Kanga, wakamnong'oneza, "Kraa! Unamjua vizuri huyu mwenzako? Umewahi kuhesabu vyungu vyako?"

Bi Kanga, ambaye zamani alikuwa akimpa Kalunguyeye makaa ya moto kila asubuhi, sasa akimwona anapita huingiza vyungu ndani.

"Bi Kanga, hata wewe?"

"Ah, mimi sisemi kitu, mwenzangu. Lakini kunguru hawalii bure. Lipa yaishe."

"Nikilipa hayaishi. Mlafi akionja, hurudi na sufuria."

Hayo aliyaweza. Kilichomshinda ni watoto. Walijikunja wakawa vifundo viwili vya miiba kwenye kona ya nyumba, hawataki kujikunjua hata kula.

"Mama, wameondoka?" sauti ikatoka ndani ya miiba.

"Wameondoka, mwanangu."

"Unasema kweli?"

Swali hilo likamkata Kalunguyeye maini. Yeye alizaliwa na shaka yake. Watoto hawa walikuwa wamefundishwa na kunguru.

Akavaa kanga yake ya kutokea, akaenda mahakamani, akafungua kesi: Kiboko ananibughudhi, mimi na wanangu, nyumbani kwetu.

Mahakama ya pale haikuwa na paa, maana hakimu alikuwa Twiga. Kiboko akapelekewa wito. Alipousikia alicheka mpaka tope likatikisika.

"Kunguru gani? Mimi siwajui. Ndege ni ndege, huruka watakako. Athibitishe kuwa ni wangu!"

Mji mzima ukajua kwamba hapo ndipo penye kazi. Nani atasimama aseme kunguru ni wa Kiboko? Kunguru wenyewe? Tena zikaja habari nyingine. Hakimu Twiga alikuwa ameonekana akitafuna majani laini ya mgunga, yale yanayoota mtoni tu, kwa Kiboko. Labda alinunua. Labda alipewa. Mimi sikuwapo, na nyinyi hamkuwapo.

Kalunguyeye hakuuliza. Alikaa kizingitini akawaza. "Hakimu mwenye majani mdomoni simtegemei. Jirani aliyeficha vyungu simtegemei. Nani amebaki? Amebaki Kiboko. Mimi nina shaka na watu, lakini mlafi ana shaka hata na mkono wake wa kushoto. Basi nitamtegemea yeye."

Siku iliyotangulia kesi akatandika mkeka uani. Akamimina kumbikumbi wote waliobaki chunguni, wamekauka vizuri, wananukia. Akaingia ndani, akachungulia kwenye tundu la mlango.

Kunguru wakaja. "Kraa! Kalunguyeye, li—"

Kimya. Tok, tok, tok. Walidonoa mpaka mkeka ukabaki mtupu, wakajaza midomo, wakaruka zao bila sauti. Bi Kanga, juu ya ua wake, aliona yote. Alikuwa haachi kuchungulia siku hizo.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Punda alikuja, Ngiri alikuja, wote waliowahi kufungiwa matoroli na mikokoteni. Kunguru walijipanga juu ya ukuta, wanatazama kando kama wapita njia. Kiboko aliketi mbele, tumbo mbele yake.

"Mlalamikaji, sema," akasema Twiga kutoka juu kabisa, huku anatafuna.

"Mheshimiwa, kunguru wa Kiboko wamenitesa nyumbani kwangu. Alfajiri, mchana na jioni."

"Siwajui hao!" Kiboko akanguruma.

"Una ushahidi kwamba ni wake?"

"Sina, mheshimiwa," akasema Kalunguyeye kwa unyonge. "Na kweli jana walipokuja sikuwanyima. Waliondoka midomo imejaa. Jirani yangu aliwaona."

Twiga akageuza shingo. "Ni kweli, Bi Kanga?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Imejaa pomoni. Na siku zote hulia, lakini jana waliruka kimya kimya."

Sikio la kulia la Kiboko likatikisika. Sikio la kushoto likatikisika. Akageuka kidogo kuelekea ukutani.

"Imejaa nini?"

Kalunguyeye akatazama chini.

"Nauliza, imejaa nini? Mbona mimi sijaletewa?" Kiboko akasimama, kiti kikaanguka, puu! "Kimya kimya, ee? Nawatuma mkanikusanyie, mnapita njia nyingine mnakula wenyewe! Wezi wakubwa nyinyi!"

Kunguru wakaruka wima.

"Kraa! Sisi wezi? Tumegonga mlango wake alfajiri kama ulivyotuagiza! Tumenyofoa paa lake kama ulivyotuagiza! Tumemchongea kwa jirani, tumewatisha wanawe mpaka hawali, kama ulivyotuagiza! Hajatupa hata ndururu! Tumekula kumbikumbi tu!"

Twiga akaacha kutafuna.

Kisha Punda akapaza sauti, "Hata kwangu walikuja! Mke wangu amehama chumba!" Ngiri akadakia, "Na mimi kibao alikilalia!" Wakasimama wote, hasira moja, macho yote kwa hakimu. Twiga akawatazama kutoka juu. Ni wengi. Akameza alichokuwa nacho mdomoni, likaonekana funda linashuka shingo nzima, taratibu, mpaka chini.

"Bwana Kiboko," akasema, "kunguru hawa bado huwajui?"



Hukumu ikatoka palepale. Kiboko afungue kila mnyororo, siku hiyohiyo. Faini zote zifutwe. Aezeke upya paa la Kalunguyeye kwa mikono yake mwenyewe, majirani wakimtazama. Na kunguru atakayetua tena kwenye ua wa mtu kudai, atanyonyolewa manyoya ya mkia.

Nje ya mahakama, kunguru walimdai Kiboko ujira wao. Kiboko akawaita wezi. Wakamwangukia na midomo, tok-tok-tok, mgongoni, kichwani, masikioni. Akakimbia na uzito wake wote, hakusimama mpaka mtoni, chubwi! Na mpaka leo, mchana kutwa, kiboko hukaa ndani ya maji. Hutoa macho na masikio tu, akichungulia kama kuna mtu anamletea wito mwingine.

Jioni ile Kalunguyeye aliketi kwenye kona, kando ya vile vifundo viwili vya miiba. Hakuwaambia kwamba kunguru hawatarudi. Alikaa tu, na nje palikuwa kimya. Baada ya muda pua moja ndogo ikachomoza.

"Mama, kuna chakula?"

"Kipo."

Pua ya pili ikachomoza. Wakala mpaka wakalala juu ya sahani.

Ngano yangu naitua hapa. Palipo tamu, bebeni mkawape wa kwenu. Palipo chungu, niachieni nipike upya.

Na funzo? Funzo ni hili: mkubwa akikudai, lipa upesi wala usiulize. Mahakama si mahali pa wadogo. Na kunguru wakilia, waamini, hawalii bure.

Mbona mnacheka? Funzo hilo si la kutunga. Nimepewa na Kiboko mwenyewe, alinieleza kutoka majini.