Vikombe vya Uzi Mwekundu

Hii nimetumiwa na jirani yangu asubuhi, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome, kisha mpelekee unayempenda.

Mama mmoja mchuma chai, jina lake Sekela, alifiwa na mumewe kwa maradhi marefu ambayo watu waliyataja kwa kunong'ona. Akabaki na mama mkwe wake, Bibi Atupele, na binti yake Lugano, mwenye miaka minne.

Tangu siku ya mazishi, Sekela alijihesabu mgonjwa. Hakwenda kupima. Alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe chake ili mtu mwingine asikitumie, akatandika mkeka wake mbali na kitanda cha mtoto.

Zamani Lugano hakuwa akianza kunywa uji mpaka mama yake apige funda la kwanza. Sasa, kila asubuhi, bado alinyoosha kikombe chake.

"Mama, nipozee."

"Mpe bibi akupozee."

"Bibi hapozi vizuri. Anatia mate."

Bibi alicheka. Sekela aligeukia ukutani. Funda lile moja alilitamani kuliko chakula chochote.

Mara tatu alikwenda zahanati. Mara ya kwanza alisema foleni ni ndefu. Mara ya pili, mvua inakuja. Mara ya tatu benchi lilikuwa tupu na jua linawaka. Akakaa. Jina lake lilipoitwa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Asubuhi moja aliingia jikoni kuchukua kikombe chake, asikitambue. Vikombe vyote vya nyumba ile vilikuwa na uzi mwekundu, hata kile kidogo cha Lugano.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Bibi Atupele, akikoroga uji. "Nimefumua sweta langu la kanisani, mkono mzima."

"Lakini Mama, huenda mimi..."

"Huenda, huenda! Mwaka mzima tunaishi na hiyo huenda yako. Kama wewe umetengwa, basi tumetengwa sote. Vaa viatu, mama Lugano. Mbebe na mtoto."

Kule zahanati, muuguzi aliposhika sindano, bibi alinyoosha kidole chake kabla ya wote.

"Anza na mimi. Nikipiga kelele, huyu atanicheka, atasahau kuogopa."

Na kweli alipiga kelele, mpaka watu wa nje wakachungulia. Sekela akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alipokuja kushtuka, kidole chake kilikuwa kimeshatobolewa.

Majibu yakatoka. Bibi hakuwa na virusi vya UKIMWI. Lugano hakuwa navyo. Sekela alikuwa navyo.

Bibi aliweka mkono juu ya goti lake. Sekela hakuuliza ataishi miaka mingapi. Aliuliza hivi:

"Nikipiga funda kwenye kikombe cha mwanangu, itakuwaje?"

"Haitakuwa kitu," alisema muuguzi. "Virusi haviambukizwi kwa kikombe, wala kwa kulala naye kitanda kimoja, wala kwa kumkumbatia. Dawa unaanza leo. Ukizimeza kila siku, utamlea mpaka yeye ndiye akupikie uji."

"Kumbe mwaka mzima nimemnyima bure," alisema Sekela. Hapo ndipo alipolia.

Kesho yake asubuhi Lugano alinyoosha kikombe chake chenye uzi mwekundu.

"Mama, nipozee."

Sekela akapiga funda. Uji haukuwa wa moto hata kidogo. Akapiga la pili. Akapiga la tatu.

"Mama! Utaumaliza!"

Funzo: Majibu hayakumtenga Sekela na mtoto wake, kilichomtenga ni kuogopa kuyajua. Na kama una mtu wako anayeogopa kwenda kupima, usimsukume mlangoni ukarudi nyumbani. Ingia naye, unyooshe na wewe kidole.