Ukuta wa Madodoki

Povu lilikuwa limemwingia Ndahani machoni, naye alikuwa akiimba wimbo wa Kikongo ambao nusu yake haijui, pale alipouegemea ukuta wa bafu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mabua ya mtama, na mchwa walikwisha kuula miguu. Ukalala chini wote. Na nani alikuwa anaingia uani wakati huohuo, ungo wa ubuyu kichwani? Mama mkwe.

Kijijini kwao, huko upande wa Mpwapwa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani hata wakiwa wamevaa makoti. Ndahani, dereva wa lori aliyefika Lusaka na Lubumbashi, mtu mzima mwenye mvi za kutosha, alikuwa na ndoo moja tu ya kujisitiri. Akajifunika kichwa.

"Karibu, mama," akasema kutoka ndani ya ndoo.

Mama mkwe akageuka na ungo wake. Jioni neno lake likaletwa na jirani: hakanyagi tena ua ule mpaka bafu lizibwe kwa kitu kisichoanguka. Na atakayeliziba, huyo ndiye atakayempa mjukuu jina.

Hapo kicheko kikakauka. Sechelela, mkewe Ndahani, alikuwa na mimba ya miezi sita, na mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Mikono aliyoiamini ilikuwa ya mama yake, mkunga wa miaka mingi.

"Mama asipokuja," alisema, "mimi sijui."

Matofali yanataka maji ya kufyatulia, na kisima kilikuwa kinatoa ya kunywa na ya kuoga kwa kubana. Turubai la lori lilikuwa la tajiri wake. Ikabaki mimea, na katika mimea, mdodoki: ukipata pa kushika unapanda kama umbea, na majani yake ni mapana kama viganja.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu wa kutegemewa. Ndahani alikuwa na miguu. Hapakuwa na mji asiojua pa kulala. Mdogo wake, Mazoya, alikuwa na mikono. Alichofunga yeye hakikufunguka. Dada yao, Mbeleje, alikuwa na subira. Angeweza kukaa na chungu cha kunde mpaka kiive bila kufunua hata mara moja.

Ndahani akapanda mbegu alizokuwa nazo. Akazifukia juujuu, kuku wakafurahi. Kijijini hazikupatikana nyingine. Akaondoka na lori la mzigo wa Lubumbashi, na kule Tunduma, mpakani, akapata madodoki makavu, mbegu zikicheza ndani. Angevuka mpaka, mbegu zingefika nyumbani pamoja na mtoto. Akampigia tajiri simu alete dereva mwingine, akapanda basi la kurudi. Lile lori hakulishika tena.

"Umeacha usukani kwa ajili ya dodoki?" Mazoya aliuliza.

"Nina aibu ya kusugua, mdogo wangu."

Mazoya akasimamisha chanja cha fito, pande zote na juu. Mche ulipofika kiunoni, kikaja kimbunga cha vumbi, kikang'oa fito kama nywele. Mazoya alikuwa anajenga nyumba yake ya kuolea. Akaenda, akang'oa nguzo zake za mgunga, akazichimbia kuzunguka bafu.

"Na mchumba?" Ndahani akauliza.

"Kasema atanisubiri. Hakusema mpaka lini."

Mbeleje akachimba mfereji ili maji yote ya kuogea yaishie shinani. Aliyetaka kwenda kuoga kwa jirani akaambiwa uchafu wake auache nyumbani. Kila asubuhi aliongoza ncha za mdodoki, moja moja, akizisuka penye mianya. Siku mbuzi wake wa maziwa, wa pekee, alipokata ncha tatu, alimfunga kamba palepale, akampeleka kwa shangazi ng'ambo ya mlima. Tangu hapo chai yake ikawa ya rangi.

Uchungu ukamshika Sechelela asubuhi moja, kabla ya wakati. Mama mkwe akaja, akasimama nje ya ua.

"Mbeleje, mwambie kaka yako aingie bafuni. Nikimwona hata kidole, narudi."

Ndahani akaingia, akachuchumaa. Ndoo ilikuwepo, hakuigusa. Nyumbani mkewe alilia kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuisikia. Nje, nyayo zikaanza kuzunguka polepole. Zikasimama. Upepo ukapita, majani yakatikisika, naye akabana pumzi kana kwamba pumzi nayo ingeonekana. Nyayo zikaendelea. Zikasimama tena, karibu na sikio lake.

"Mwambie abaki humohumo," mama mkwe akasema. Nyayo zikaelekea nyumbani.

Alibaki. Jua lilimpanda kichwani na kumshukia mgongoni. Ndipo mtoto akalia. Wa kike, mzima. Na baba mtu akalia bafuni, mahali pazuri, maana machozi nayo yalikwenda kwenye mfereji.

Siku chache baadaye majirani walikuja kumwona mtoto, wakaketi na Sechelela kwenye kivuli cha mdodoki.

"Bila mbegu zangu," Ndahani alisema, "Mazoya angekuwa amelijengea jua zizi."

"Bila nguzo zangu," Mazoya akasema, "mbegu zako zingetambaa chini kama maboga."

Mbeleje alikuwa akisuka ncha. "Na bila mimi, mbuzi angekuwa amenenepa."

Wakatazamana. Mmoja alitoa lori, mmoja nyumba, mmoja maziwa yake, na mtoto ni mmoja, jina moja. Ndahani akawageukia wageni, akapaza sauti kama yuko stendi.

"Haya, ninyi mnaosikiliza. Mngekuwa waamuzi, jina mngempa nani alitoe?"

Wa mbegu, akasema mmoja. Wa nguzo, akasema mwingine. Zogo likapanda, kila mtu na wake, mpaka sauti ilipotoka nyuma ya majani, hatua moja kutoka mgongoni kwa Ndahani, pamoja na maji yanayomwagika.

"Sechelela, mwambie mumeo wakaamulie mbele huko. Mimi naoga."