Aliyeuona Usukani Akanyamaza

Ndugu zangu, walikuwapo mafundi wawili, karakana zao zinatazamana, katikati barabara. Majina yao nayaacha, maana nikiyataja mtaanza kugeuza shingo humu ndani. Mmoja alikuwa seremala, mwingine fundi bati. Seremala ndiye aliyeanza kutengeneza magari madogo ya kupamba sebule. Akamfundisha na mwenzake namna ya kupunguza vipimo vya gari kubwa lisipoteze sura, na namna ya kupiga msasa mpaka rangi ikubali.

Sasa akaja mama mmoja mjane na picha mkononi. Marehemu mumewe aliwahi kuwa na gari la mashindano la zamani, jekundu, la viti viwili, pua ndefu, halina paa. Lenyewe liliungua miaka mingi iliyopita. Mama alitaka gari hilohilo, dogo, aliweke mezani siku ya kumkumbuka mumewe. Kazi akampa nani? Fundi bati.

Seremala aliyaona yote akiwa mlangoni kwake. Moyoni alisema, "Nimemfundisha mimi, na leo mimi ndiye mtazamaji."

Na kazi ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililomuumiza. Bodi iligongwa taratibu kutoka kwenye makopo ya maziwa. Spoku za magurudumu zilitoka kwenye mwavuli uliovunjika, viti vikavishwa ngozi ya kiatu kikuukuu. Rangi je? Fundi alimwomba mkewe rangi ya kucha. Wapita njia wakawa wanasimama kutazama, na kila aliyesimama, seremala alihisi kama amemsimamia kifuani.

Kazi ilipokaribia kwisha, fundi bati akavuka barabara na gari lake juu ya sinia, pamoja na ile picha ya mama.

"Kaka, hebu nipitishie macho. Nimelitazama mpaka silioni tena. Wewe ndiye mwenye jicho."

Seremala akashika picha mkono mmoja, gari mkono wa pili. Kosa akaliona palepale. Kwenye picha usukani uko kushoto, kwa sababu gari lile lilitoka nchi za mbali. Fundi bati, kwa kuzoea magari yetu, alikuwa ameuweka kulia. Usukani wenyewe ni kipande cha waya kilichozungushiwa uzi. Kuuhamisha ni kazi ya asubuhi moja.

Ungekuwa wewe, ungesema? Usijibu haraka.

Seremala alisikia furaha, ile furaha ambayo mtu hairuhusu ifike usoni. Akamrudishia gari. "Liko sawa. Mpelekee mama."

"Ahsante, kaka. Sasa roho yangu imetulia."

Siku ikafika, watu wakajaa uani kwa mama. Akafunua kitambaa, akalipapasa lile gari, akatabasamu. Kisha mkono wake ukasimama.

"Fundi," akasema, "mume wangu alikaa kushoto. Hapa kulia palikuwa pangu. Umemkalisha mahali pangu."

Seremala, kule nyuma, alikuwa ameingoja saa hiyo kama watu wanavyongoja pilau.

Fundi bati akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nitaurekebisha leo hii. Hata kaka yangu yule alilikagua, naye kosa likampita."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nyuso zote ziligeuka, na mama naye akageuka.

"Baba, wewe hukuuona usukani?"

Mnaona alipofika? Akisema aliuona, kila mtu atajua kwamba alimwacha mwenzake aje kuaibika. Akisema hakuuona, huyo si fundi.

"Sikuuona, mama."

Mama akashusha pumzi. "Ninayo picha ya gari lake la pili. Mwenzako alinisihi kazi hiyo nikupe wewe, akasema una jicho kumshinda. Lakini kama hata usukani ulikupita, baba, nitakupaje?"

Kazi ya pili nayo ikaenda kwa fundi bati.

Wapendwa, yule seremala hakuiba. Hakuvunja kitu, hakumsengenya mtu. Kosa alilinyamazia tu. Na sisi tunasema, "Mimi sina wivu, sijamfanyia mtu ubaya." Kweli? Mwimbaji mwenzako anakosea sauti mazoezini, unamwacha hivyohivyo mpaka Jumapili mbele ya watu. Unaona nyumba ya rafiki yako inaanza kuyumba, unakaa kimya, kwa sababu ilikuuma ilipokuwa imara. Tunaukalia ukweli, halafu tunajiita watu wasio na maneno mengi.

Wiki hii mtu atakuletea kitu chake ukitazame. Huenda ni mtu yuleyule anayekukera kwa kupendwa. Utaliona kosa, na moyo utakuambia nyamaza. Usingoje wivu upoe kwanza ndipo useme. Mwambie ukweli huku ukiumia hivyohivyo.